Tusimhukumu Mtu kwa Mizani

Jina la Katanika si geni masikioni mwa watu wa Kalemie. Katika mwaka 2017, Batwa na Baluba walipopigana katika nchi ya Tanganika, jamaa nyingi ziliacha mashamba yao zikakimbilia huko, hazina kitu ila mkeka na sufuria. Tangu siku hizo mtu akitaja Katanika, mawazo yetu hurukia njaa: akina mama wamejipanga mstari, unga wa kugawiwa, na ule utepe wa rangi tatu unaozungushwa mkononi mwa mtoto. Utepe ukionyesha rangi nyekundu, mama huinamisha kichwa.

Basi huenda mtu akastaajabu tukisema kwamba leo twataka kunena habari za unene, tena unene wa watu wa Katanika hii hii. Asistaajabu. Siku hizi wanaokonda na wanaonenepa huonekana katika mtaa mmoja, pengine chini ya paa moja. Na mahali ambapo watu wamewahi kuiona njaa kwa macho, unene una maana nyingi. Ni heshima, ni dalili ya mume mwema, ni ushahidi kwamba mtu hana ugonjwa wa kumkondesha. Kwa hiyo mganga amwambiapo mama apunguze uzito, amwambia neno zito kuliko tunavyodhani.

DADA WAWILI, CHUNGU KIMOJA

Twawafahamu dada wawili wa huko. Majina yao hatuyataji, maana habari ya mwili wa mtu ni siri yake. Mkubwa huuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Mdogo hushona nguo kwa cherehani. Wakaa katika ua mmoja, na chungu chao ni kimoja. Wote wawili walikuwa wanene, na siku walipochomwa kidole katika kituo cha afya, sukari ilionekana imezidi katika damu zao wote wawili. Wakapewa vidonge na shauri moja: wapunguze bugali, mawese na sukari ya chai, wazidishe sombe, maharagwe na samaki, tena watembee kila siku.

Wakatii. Baada ya miezi sita mkubwa alikuwa amepungua kilo 9. Mdogo alipungua kilo moja na nusu tu.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Majirani walisema mdogo hula usiku kwa siri. Mumewe akacheka mbele ya wageni. Hata muuguzi mmoja, ambaye bila shaka alikuwa amechoka, alimtazama juu ya daftari akauliza, "Mama, wasema kweli?" Tangu siku ile mdogo hakurudi tena kupimwa, na vidonge vilipokwisha hakuvifuata. Tulipomwuliza sababu, alijibu, "Mwalimu, nilikula alichokula yaya. Kama nimeitwa mwongo nikiwa na njaa, heri nishibe niitwe mwongo."

Neno hilo lilituchoma. Nasi tukaona yafaa tuulize: Je, yawezekana watu wawili wale chakula kimoja, wafuate dawa moja, na miili yao ijibu mbalimbali? Mabingwa wa utabibu wamelichunguza jambo hilo kwa miaka mingi, na jibu lao ni wazi: yawezekana, tena ni jambo la kawaida.

DAMU NI MTUMISHI WA HABARI

Watu wengi hudhani mafuta ya mwili ni kama mzigo ghalani, kitu kisicho na uhai. Sivyo. Mafuta hutuma habari. Katika mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake wa New York waligundua homoni iitwayo leptini, ambayo hutoka katika mafuta ikapita katika damu hadi kwenye ubongo, kana kwamba yasema, "Akiba ipo, usihangaike." Tumbo nalo hutoa homoni nyingine, grelini, isemayo, "Nina njaa." Matumbo yana mjumbe wake, aitwaye GLP-1, atangazaye kwamba chakula kimefika. Na kongosho hutoa insulini, ifunguayo milango ya mwili ili sukari iingie.

Wajumbe hao hawana nguvu sawa kwa kila mtu. Katika mwaka 1997 mabingwa wa Cambridge, Uingereza, waliandika habari za watoto wawili wa ukoo mmoja walionenepa kupita kiasi tangu uchanga, wakilia chakula mchana na usiku. Damu yao ilipopimwa, ilionekana haina leptini ifaayo, kwa sababu ya kasoro waliyorithi. Kabla ya hapo ni nani asiyewaita walafi? Lakini walipopewa leptini kwa sindano, njaa yao ikatulia na mafuta yakayeyuka. Watoto wa namna hiyo ni wachache mno duniani. Wanene wengi wana leptini tele katika damu, ila ubongo hauisikii vema, na kuwaongezea sindano hakukuwasaidia sana.

Tena yuko adui mwingine wa mtu anayejikondesha. Katika mwaka 2011 mabingwa wa Australia waliandika habari za watu 50 waliopewa chakula kidogo sana kwa majuma 10. Walipokwisha kupungua, leptini yao ilishuka na grelini ikapanda. Mwaka mzima ukapita, na damu bado ilikuwa yatangaza njaa. Mwili haujui kwamba mganga ndiye aliyeagiza kula kidogo. Wadhani ni kiangazi, au ni vita. Wajitetea kama mwenye nyumba aliyesikia hatua za mwizi. Na mlinzi wa nyumba moja ni mkali kuliko wa nyumba nyingine.

MAJARIBIO MAKUBWA YALIVYOONYESHA

Katika mwaka 2018 Christopher Gardner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitangaza jaribio la watu 609. Nusu waliagizwa wapunguze mafuta. Nusu wapunguze wanga na sukari. Baada ya miezi 12 kundi la kwanza lilikuwa limepungua kilo 5.3 kwa wastani, la pili kilo 6. Tofauti isiyo na maana kubwa. Lakini ndani ya kila kundi tofauti ilikuwa kama ya mlima na bonde. Walikuwako waliopungua kilo 30 hivi, na walikuwako walioongezeka kilo 10 hivi, ijapokuwa walifundishwa somo moja. Mabingwa walitumaini kwamba alama za kurithi, au kiasi cha insulini inayotoka mtu anywapo sukari, vingewaambia mapema nani afaidike na chakula kipi. Havikuwaambia.

Si kwamba damu hukaa kimya siku zote. Arne Astrup, Mads Hjorth na wenzao wa Denmark, walipoyachunguza tena majaribio ya zamani katika mwaka 2017, waliona kwamba watu ambao sukari yao ya asubuhi kabla ya kula ilikuwa juu walifaidika zaidi na chakula chenye nyuzinyuzi nyingi na nafaka isiyokobolewa. Ni mwanga, lakini mwanga wa alfajiri. Haujatosha kumwongoza mtu njiani peke yake.

Tutazame na jaribio la Uingereza lililotangazwa mwaka 2017 na Mike Lean na Roy Taylor. Wagonjwa wa sukari walipewa chakula kidogo sana kwa miezi kadhaa ili wakonde. Baada ya mwaka mmoja, 46 katika kila 100 walikuwa wamepona hali ile bila dawa. Miongoni mwa waliopungua kilo 15 au zaidi, 86 katika kila 100 walipata neema hiyo. Lakini wengine walipungua vilevile, na mafuta ya ini yakawatoka vilevile, ilhali sukari haikuwaachia. Kwa nini? Kongosho lao halikuamka tena, na kwa kawaida walikuwa wameugua muda mrefu kuliko wenzao. Wametii sawa, wamekonda sawa, nao hawakupona sawa.

Hata dawa mpya zinazosifiwa sana ni hivyo. Semaglutidi, ambayo huiga kazi ya yule mjumbe wa matumbo, ilijaribiwa kwa watu 1,961, na matokeo yakatangazwa mwaka 2021. Kwa wastani walioipata walipoteza karibu sehemu 15 katika kila 100 za uzito wao katika majuma 68. Theluthi moja hivi walipoteza sehemu 20 au zaidi. Lakini 14 hivi katika kila 100 hawakufikia hata sehemu 5, nao walichomwa sindano ile ile. Na wengi walioiacha walirudishiwa uzito: katika mwaka mmoja walirudia theluthi mbili ya ule waliokuwa wamepoteza.

NJAA YA UTOTONI HAISAHAU

Sasa turudi kwetu Kongo, maana liko jambo linaloigusa Katanika kuliko Stanford na Cambridge.

Katika Kivu ya Kusini, si mbali na Bukavu, iko hospitali ya watoto ya Lwiro, inayojulikana tangu zamani kwa kuwatibu watoto wenye utapiamlo mkali. Madaftari yake yalitunzwa. Daktari Pacifique Mwene-Batu na wenzake waliwatafuta vijijini wale waliotibiwa hapo kati ya mwaka 1988 na 2007, ambao sasa ni watu wazima, wakawalinganisha na majirani wa rika lao ambao hawakuugua. Walitangaza waliyoyaona katika mwaka 2020 na 2021. Waliowahi kuugua utapiamlo walielekea zaidi kuwa na mafuta ya tumboni pamoja na ule mkusanyiko wa dalili unaotangulia magonjwa ya moyo na sukari. Mtoto aliyekuwa mifupa mitupu aweza kuwa mtu mzima ambaye mwili wake hushika akiba kwa mikono miwili.

Yule dada mdogo alizaliwa karibu na mwanzo wa vita vya mwaka 1998. Mama yake hukumbuka jinsi alivyovimba miguu na nywele zake zikageuka rangi. Dada mkubwa alikuwa amekwisha kupita umri ule. Hatuwezi kusema kwamba hiyo ndiyo sababu ya kilo zake kukataa kutoka. Hapana mganga awezaye kusema hivyo juu ya mtu mmoja. Lakini latutosha neno hili: miili iliyokula chungu kimoja leo haikula chungu kimoja miaka 25 iliyopita. Na wale watoto wa utepe mwekundu wa mwaka 2017, baada ya miaka si mingi watakuwa baba na mama. Tusiwangojee kwa dhihaka.

MWEMBAMBA NAYE AWEZA KUUGUA

Dada hawa wana mjomba, mtu mwembamba kama upondo. Naye aligunduliwa ana sukari. Alipomwona mpwa wake mkubwa amekonda na kusifiwa, akaamua kumfuata: akapunguza bugali, akawa hula mara moja kwa siku. Badala ya kupona akazidi kudhoofika, akawa na kiu isiyokwisha, na nguo zikamwanguka. Ashukuriwe mkewe aliyemburuta hospitalini.

Wahenga walisema: Usisafirie nyota ya mwenzio. Huko Uganda, Davis Kibirige na wenzake waliwapima watu wazima zaidi ya 500 waliogunduliwa karibuni kuwa na ugonjwa wa sukari. Karibu theluthi yao hawakuwa wanene kamwe, na damu yao ilionyesha insulini kidogo. Mtu wa namna hiyo hahitaji kukondeshwa. Ahitaji kulishwa vema na kupewa dawa imfaayo. Katika mwaka 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikubali kwamba kisukari kinachotokana na utapiamlo ni aina ya peke yake, likakiita aina ya 5. Basi shauri la "punguza uzito" ni dawa kwa mmoja, na kwa mwingine ni sumu.

KIPIMO NACHO CHATAKA HEKIMA

Wengine watasema, "Kama ni hivyo, tupimwe damu, mambo yaishe." Kupimwa ni vema, lakini hata kipimo chataka msomaji mwenye akili. Kiko kipimo kinachoonyesha sukari ya miezi miwili au mitatu iliyopita, kwa kutazama sukari iliyojishika katika chembe nyekundu za damu, ambazo huishi siku 120 hivi. Lakini mtu akiwa amerithi alama ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja, kama walivyo wengi katika Kongo, kipimo hicho chaweza kuonyesha hesabu ndogo kuliko iliyo kweli. Malaria ikiharibu chembe za damu, hesabu hupotoka. Upungufu wa madini ya chuma nao huipotosha. Katika mwaka 2019 mabingwa waliochunguza damu za watu wa Uganda zaidi ya 6,000 waliona kwamba badiliko la kurithi la hemoglobini, lililoenea kwetu kwa kuwa humkinga mtu na malaria kali, labadili hesabu ya kipimo hicho. Kwa hiyo mganga mwangalifu hulinganisha vipimo viwili, wala hategemei karatasi moja.

Na ikiwa vipimo vya damu ni ghali, kiko kimoja kisicho na bei. Chukua uzi ulio sawa na urefu wako kutoka utosini hadi kisiginoni. Ukunje katikati, kisha uzungushe kiunoni juu kidogo ya kitovu. Ncha zikikutana, vema. Zisipokutana, mafuta ya tumbo yamezidi, hata kama mizani yakusifu. Uzi huo haumfai mama mjamzito.

TUJIHADHARI NA WACHUUZI

Palipo na aibu, mchuuzi hafiki amechelewa. Katika miji ya Kongo huuzwa vidonge vya kunenepesha, vingine vyenye dawa ya deksamethazoni, ambayo yaweza kupandisha sukari ya damu na shinikizo, na kudhoofisha mifupa. Na sasa waja na wa kukondesha. Mwezi wa Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilionya juu ya semaglutidi ya bandia iliyokamatwa katika Brazil, Uingereza na Marekani mwaka 2023. Ikiwa nchi zenye wakaguzi wengi zilidanganywa, itakuwaje sokoni kwetu? Dawa isiyotoka mkononi mwa mganga au mwenye duka la dawa anayejulikana, usiimeze wala usichomwe.

NENO KWA WENYE NYUMBA

Ninyi waume, msimcheke mke ambaye mizani haimtii. Ninyi wake, msimfuatie mume usiku mkihesabu vijiko. Ninyi majirani, mjue kwamba mtu aliyeitwa mwongo huacha kupimwa, na ugonjwa wa sukari usiotazamwa hula macho, figo na miguu polepole, bila kelele. Nasi walimu na wauguzi tujifunze kuuliza, "Mwili wako umejibuje?" badala ya "Wasema kweli?"

Naye anayejitahidi ajue kwamba jasho lake halipotei. Kutembea kila siku na kula mboga na maharagwe hushusha sukari ya damu kwa watu wengi, hata uzito usipopungua sana. Mizani yapima mwili mzima, mifupa na maji na nyama. Haijui kinachotendeka ndani ya ini na kongosho.

Dada mkubwa ndiye aliyemrudisha mdogo wake kituoni. Asubuhi moja alifunga biashara yake ya ndagala, akamshika mkono, wakaenda kwa miguu. Ilikuwa miezi minne tangu mdogo aache vidonge, na sukari yake ilikuwa imepanda juu ya ile ya mwanzo. Muuguzi mwingine, mama wa makamo, alifungua daftari akarudi nyuma kurasa kadhaa, akamwonyesha kitu ambacho hakuna aliyemwambia: mwishoni mwa ile miezi sita ya taabu, siku ile ile alipoulizwa kama asema kweli, sukari yake ilikuwa imeshuka karibu sawa na ya dada yake. Kilo hazikuondoka, lakini damu ilikuwa imesikia.

Alitazama tarakimu zile kwa muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe sikuwa mwongo."

Dada yake akamjibu, "Mimi nilijua. Nilikuwa nikipakua mimi."

Sasa anywa vidonge vyake, na jioni wote wawili waonekana wakitembea kuelekea ziwani. Kilo zake zimepungua tatu. Majirani bado wana maneno, lakini yeye hawasikilizi tena.